Sebule ya nyumba kongwe ya kando ya ziwa: maji kwanza, rangi mwisho

Nyumba nyingi za zamani zilizo karibu na maji pale Bukoba, mkoani Kagera kando ya Ziwa Victoria, zimejengwa kwa namna moja: msingi wa mawe, kuta za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo badala ya saruji, paa la mabati, sakafu ya saruji iliyopigwa niru (saruji tupu ya kulainisha uso), na madirisha ya mbao yanayotazama ziwani. Anayeinunua au kuirithi nyumba kama hii huanzia sebuleni, maana ndiko wageni wanakokaa, na sebuleni huanza na rangi. Masika moja ikipita rangi inabanduka kama magamba, ukutani unatoka unga mweupe, na lawama zote zinamwendea fundi. Mara nyingi rangi haikuwa mbaya, wala fundi hakuwa mbovu. Kazi ilianzwa mwisho ikamaliziwa mwanzo.

Hapa tunachukua sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 2.7. Chumba chako kikiwa kikubwa au kidogo zaidi, vipimo vya vifaa utavipandisha au kuvishusha kwa uwiano huohuo.

Kalenda kabla ya vifaa

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na kiangazi cha kuaminika ni Juni hadi Agosti. Mvua kubwa nyingi huja alfajiri zikitokea ziwani, kwa hiyo ukuta wa mashariki, ule unaotazama maji, ndio unaopigwa kuliko kuta zote. Ukikuta upande huo umeoza na ule wa nyuma ni mzima, usishangae.

Ukuta wa tofali ulioshiba maji haukauki kwa wiki mbili. Kipimo wanachotumia wakarabati wa majengo ya kale ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 23, ambao mafundi huuita wa inchi tisa, unaweza kuchukua miezi tisa tangu siku uliyoziba chanzo cha maji. Kwa hiyo gata na mitaro hufanywa Januari na Februari, kabla ya masika. Lipu mbovu hubanduliwa Juni mwanzoni, ukuta ukaachwa wazi upumue. Lipu mpya hupigwa kuanzia katikati ya Julai hadi Agosti, na Septemba hupakwa chokaa. Rangi ya dukani, kama bado unaitaka, isubiri mwaka wa pili.

Anayetaka kuhamia Krismasi hiihii afanye paa, sakafu na madirisha, apake chokaa, aishi. Ila asizibe ukuta.

Tafuta maji yanatoka wapi

Unyevu wa sebuleni una njia nne: kutoka juu kwenye bati, kutoka nje kwa mvua inayopiga ukuta, kutoka chini kupitia msingi, na kutoka hewani kwa mvuke unaogandia ukuta wa baridi. Kila njia ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kipimo rahisi ni kipande cha nailoni. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kikaushe vizuri, kibandike ukutani kwa gundi ya mkanda pande zote nne pasibaki upenyo, kimo cha sentimita 40 kutoka sakafuni. Kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni madirisha na matundu ya hewa, si lipu. Bandika kingine kwenye kimo cha mita 1.5 na kingine sakafuni, kisha linganisha. Chini kukiwa na maji na juu pakavu, maji yanapanda kutoka msingini. Nyumba hizi hazikuwekewa tabaka la kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta.

Kisha toka nje uchimbe shimo la mtihani la kina cha mita moja, mita mbili kutoka ukutani, upande wa ziwa. Lifunike mvua isiingie, liangalie kila asubuhi kwa wiki moja wakati wa masika. Maji yakisimama karibu kiasi kwamba hayafiki sentimita 60 chini ya usawa wa sakafu yako, jua kwamba unashindana na ziwa lenyewe. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, juu kidogo ya rekodi ya 1964, na nyumba nyingi za mwambaoni ziliingiliwa na maji. Penye hali hiyo lipu haisaidii. Kinachosaidia ni kuinua sakafu, au kukubali kwamba chumba hicho hakifai kuwekwa vitanda na sofa.

Kitu kimoja kinachowachanganya watu: ule unga mweupe ukutani ni chumvi, lakini haitoki ziwani. Ziwa Victoria ni maji baridi. Chumvi hiyo imo kwenye udongo, tofali na saruji. Maji yakipanda huiyeyusha, yakikauka huiacha juu. Iondoe kwa brashi kavu na uizoe kwa kizoleo. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani, na itatoka tena.

Nje kabla ya ndani

Anza na paa. Panda darini saa sita mchana jua likiwa kali, funga mlango, kaa gizani dakika tano mpaka macho yazoee. Kila kitobo kitaonekana kama nyota. Viwekee alama ya chaki kwenye papi (mbao nyembamba) iliyo karibu, maana ukishuka hutakumbuka. Vitobo vingi huwa kwenye misumari: mbao ya zamani imekauka, msumari umelegea, mpira wake umekwisha. Ng'oa, na upigie msumari mpya wa bati wa kujisokota wenye kofia na mpira, sentimita 3 pembeni ya tundu la zamani, kisha ziba tundu hilo kwa gundi ya bati. Bati lililotoboka kwa kutu zaidi ya mahali pawili badilisha lote. Bati jipya lilalie lenzake mgongo mmoja na nusu pembeni.

Gata iwe na mteremko wa milimita 5 kwa kila mita, na maji yake yaende kwenye tangi au mtaro ulio mbali na nyumba kwa mita 3 angalau. Gata inayomwaga pembeni mwa ukuta ni mbaya kuliko kukosa gata kabisa, kwa sababu inakusanya mvua ya paa zima na kuimwaga mahali pamoja.

Halafu ardhi. Miaka hamsini ya kufagia, kulima bustani na kumwaga kifusi imeinua udongo wa nje mpaka umefikia, au kupita, usawa wa sakafu. Chimba uushushe mpaka uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu ya ndani, kwa upana wa mita moja kuzunguka nyumba. Mteremko uelekee nje, sentimita 2.5 kwa kila mita. Ukikuta nyumba imezungushiwa ukanda wa zege uliopasuka na kuinamia ukutani, uvunje: unapeleka maji msingini. Mahali pake weka mtaro wa kokoto, upana sentimita 30, kina 30, usizidi chini ya kitako cha msingi. Msingi wa mawe ukichimbwa chini yake hutelemka, na ukuta hufuata.

Kabla ya kuchimba mtaro mkubwa au kuongeza baraza upande wa maji, pita halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na nyumba kongwe nyingi zimo ndani ya mita hizo.

Nyufa

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliacha nyufa kwenye nyumba nyingi za Kagera, na nyingi zilizibwa kwa lipu juujuu tu. Kwa hiyo gonga kila mahali palipo na kiraka. Ufa wa ulalo unaotoka kwenye kona ya dirisha, ufa unaopitisha kidole, au ukuta ambao timazi inaonyesha umeinama zaidi ya sentimita 2.5 kutoka juu hadi chini, hizo si kazi za fundi mwashi peke yake. Mwite mhandisi.

Ufa mwembamba upime kwanza kama bado unatembea. Paka donge jembamba la saruji lenye upana wa vidole viwili kukatisha ufa, liandike tarehe. Likipasuka ndani ya miezi mitatu, ukuta unaenda. Tafuta sababu, ambayo mara nyingi ni maji chini ya kona au lenta ya mbao (boriti ya juu ya dirisha au mlango) iliyoliwa na mchwa. Lenta usiiguse kabla ya kusimamisha mirunda miwili pande zote za ukuta na boriti fupi juu yake kubeba tofali.

Ufa uliotulia hushonwa. Bandua lipu sentimita 25 kila upande. Kila baada ya mistari mitatu au minne ya tofali, toa zilizovunjika na uweke nzima zinazovuka ufa, kwa udongo wa chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga. Jaza ufa uliobaki kwa udongo huohuo uliolainishwa, ukiusukuma ndani kwa kipande cha bati. Juu yake pigilia wavu wa kuku wenye upana wa sentimita 30 kabla ya lipu.

Ukuta: hapa ndipo kazi ilipo

Gonga lipu ya zamani kwa mpini wa mwiko, hatua kwa hatua, kutoka sakafuni kwenda juu. Lipu nzima hutoa sauti kavu, fupi. Lipu iliyoachana na ukuta hulia kama mtungi mtupu. Chora mpaka wake kwa chaki, kisha bandua mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu. Kwa kawaida hufika mita moja. Tumia tindo na nyundo ndogo, ukiielekeza tindo kwa ulalo. Ukipiga moja kwa moja, tofali laini zinatoka na lipu.

Utaona jambo moja: penye kiraka cha saruji, doa la unyevu limepanda juu ya kiraka. Saruji haikukausha ukuta. Imefunga mlango, na maji yamepanda kutafuta mlango mwingine. Tofali laini na udongo wa ndani hunywa maji na kuyatoa kila siku. Hapo ndipo nyumba hizi zilipopata uhai wa miaka mingi. Saruji kali, rangi ya mafuta na vigae huziba njia hiyo. Ule utaratibu wa kupaka mita moja ya chini rangi ya mafuta ya kahawia ili iwe rahisi kufuta, ambao tumeuona kila mahali kuanzia ofisi hadi madarasa, ndio unaoua ukuta wa kando ya ziwa. Skimu ya jipsam, lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, nayo isiwekwe chini ya mita 1.2: jipsam ikinywa maji hulainika kama uji na kuanguka.

Baada ya kubandua, chokoa viungo vya udongo kwa kina cha milimita 15 hadi 20, piga brashi kavu ya waya, zoa chumvi yote uitupe nje, na uache ukuta wazi wiki sita kama kiangazi kinaruhusu. Zoa tena chumvi inayotoka kila wiki. Siku ya kupiga lipu isiwe siku ya kwanza uliyoona ukuta mkavu kwa macho. Rudia kipimo cha nailoni.

Mchanganyiko wetu kwa tofali za kuchoma ni 1:2:9, yaani ndoo moja ya saruji, mbili za chokaa, tisa za mchanga. Kwa ukuta wa tofali mbichi au wa udongo uliokandikwa, toa saruji kabisa, tumia chokaa moja kwa mchanga tatu. Wengine watakuambia 1:4 ya saruji ndiyo imara. Ni imara kweli, kuliko ukuta wenyewe, na ndiyo maana itaachana nao.

Lipu ya kimo cha mita moja kuzunguka chumba hiki, ukitoa milango, ni karibu mita za mraba 16. Kwa unene wa milimita 15 utahitaji:

- saruji mfuko mmoja wa kilo 50
- chokaa kilo 40
- mchanga ndoo 17 za lita 20, pamoja na wa kupotea

Chokaa iloweke kwenye pipa siku moja kabla, na ukiweza wiki nzima, maji yakiwa juu yake sentimita 5. Inavyozidi kukaa ndivyo inavyozidi kulainika na kunata. Vaa miwani na glavu: chokaa hubabua ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Weka ndoo ya maji safi karibu, na ikimrukia mtu aoshe jicho kwa dakika 20 kisha aende hospitali.

Mchanga upime kwa chupa. Jaza chupa nyeupe mchanga sentimita 10, ongeza maji, tikisa, iache saa tatu. Tope laini litakaa juu ya mchanga. Likizidi milimita 8, mchanga huo utapasua lipu. Uoshe au ubadilishe. Usiende kuchota ufukweni, hata kama ni hatua kumi kutoka mlangoni: mchanga wake mara nyingi una tope na konokono, na kuuchimba kunauleta ukingo wa ziwa karibu zaidi na nyumba yako.

Lowesha ukuta jioni, na tena asubuhi, mpaka usinywe haraka, lakini usiwe unang'aa maji. Rusha kwa mwiko tabaka jembamba la kwanza, majimaji kidogo, lishike kama upele. Liache siku mbili. Piga mkono wa pili wa milimita 10, usawazishe kwa rula ndefu, kisha ukwaruze mistari ya mawimbi kwa misumari iliyopigiliwa kwenye kibao. Unyunyizie maji mara mbili kwa siku kwa siku nne, kisha uache ukauke. Baada ya siku 7 hadi 10 piga mkono wa mwisho wa milimita 5, kwa mchanga uliochekechwa, na umalizie kwa kibao cha mbao, si kwa chuma. Chuma hung'arisha uso na kuufunga. Lipu iishie sentimita 2 juu ya sakafu. Pengo hilo litafichwa na mkanda wa mbao, na lipu haitafyonza maji ya kudekia.

Jua likiwa linapiga moja kwa moja kutoka dirishani, ning'iniza magunia mabichi. Lipu ya chokaa inayokauka kwa siku moja hutoka nyufa kama za matope ya bwawa lililokauka, na ikiguswa hutoa vumbi.

Sakafu

Sakafu inayolia wazi katika eneo lisilozidi robo ya chumba inaweza kuwekwa viraka. Ikizidi hapo, vunja yote. Chimba mpaka upate nafasi ya sentimita 34: mawe yaliyoshindiliwa sentimita 15, mchanga 5, nailoni nzito ya geji 1000, zege 10, na saruji ya juu 4. Vipande vya nailoni vipandane sentimita 30, na kingo zipande ukutani sentimita 10 nyuma ya mkanda wa mbao. Kitobo kimoja cha kisigino cha kiatu kinatosha kuharibu kazi, kwa hiyo weka mbao za kukanyagia wakati wa kumwaga zege.

Zege ya 1:3:6 kwa mita za mraba 20 itakula saruji mifuko 9, mchanga mita moja ya ujazo, kokoto mita 2. Saruji ya juu ya 1:4 itakula mifuko 6 na mchanga mita 0.9. Saruji ya niru mfuko mmoja. Rangi nyekundu ya sakafu isizidi kilo moja kwa kila kilo 10 za saruji, ikizidi inatia doa miguuni miaka yote. Mwaga saruji ya juu kwa vipande vinne vya mita 2 kwa 2.5, viwili vya mshazari leo na viwili kesho, ili mipasuko ifuate viungo. Funika magunia mabichi siku saba.

Tahadhari moja ambayo hupuuzwa: ukiweka nailoni sakafuni, unyevu uliokuwa ukitokea katikati ya chumba sasa utakwenda kwenye kuta. Ndiyo maana mtaro wa nje unatangulia.

Mchwa, popo na dari

Njia za udongo za mchwa zivunje, lakini kwanza zifuate uone zinaingilia wapi. Mara nyingi ni kwenye ufa kati ya sakafu na ukuta, au kwenye fremu iliyozikwa chini ya lipu. Choma mbao zote kwa bisibisi. Ikizama sentimita moja bila nguvu, mbao imekwisha. Mbao yenye vitobo vidogo na unga kama wa mahindi imebunguliwa na wadudu wengine, na hao hawatokei ardhini. Kata sehemu hiyo uichome moto. Fremu mpya iwe mvule au mninga, na kama ni msonobari uwe umetiwa dawa kiwandani. Oili chafu ya gari isipakwe. Inanuka mwaka mzima, inapenya lipu na kutoa doa jeusi, na chokaa haishiki juu yake. Dawa ya mchwa iwe iliyosajiliwa, ifuate maelezo ya kopo, na isimwagwe upande unaotelemkia ziwani au kisimani.

Dari ya zamani iangalie kabla ya kuigusa. Shiti ngumu za kijivu, zinazofanana na saruji nyembamba, huenda zina asibestosi, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usizikate, usizitoboe, usizifagie. Zikiwa nzima zipake rangi na kuziacha. Zikiwa zimevunjika, uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuziondoa.

Popo watakuwepo. Subiri watoke jua likizama, uzibe matundu kwa wavu, ukiacha moja lenye kitambaa kinachoruhusu kutoka tu, nalo ulizibe baada ya siku nne. Wakiwa na vitoto, ngoja viweze kuruka, la sivyo vitaoza darini. Kinyesi kisifagiwe kikavu: vumbi lake lina ukungu unaoweza kuingia kwenye mapafu. Kinyunyizie maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, zoa kwa koleo.

Bodi mpya za futi 4 kwa 8 zitatosha nane. Papi za inchi 2x2 zikae kila sentimita 61 ili kingo za bodi ziangukie katikati ya mbao, misumari kila sentimita 15. Acha milimita 5 kati ya bodi na bodi, ufunike kwa mkanda. Kando ya ziwa bodi hunywa unyevu na kutanuka. Zikibanwa zitabinuka kama mgongo wa kobe.

Madirisha na hewa

Yale matundu ya hewa chini ya dari yaliwekwa kwa sababu. Watu huyaziba kwa saruji ili kuwazuia popo, kisha wanashangaa kona za juu kuota ukungu mweusi. Yazibue, yawekee wavu.

Dirisha la mbao lisilofunga huwa limepakwa rangi nyingi kupita kiasi, halijavimba. Likune hadi kwenye mbao, piga msasa, randa milimita 2 upande wa kitasa, paka praima kwenye kingo zote, hasa ile ya chini ambayo haionekani. Bawaba za chuma zitashika kutu. Za shaba ni ghali na hutazibadilisha tena.

Wavu uwe wa aluminiamu au nyuzi za plastiki, matundu madogo kadiri unavyoweza kupata, kwa ajili ya vile vijidudu vinavyoinuka ziwani kama moshi na kufuata taa. Usiupigilie moja kwa moja kwenye fremu ya dirisha. Utengenezee fremu yake nyembamba ya mbao ya inchi 1x2 na uishike kwa vikomeo vinne vya kuzungusha, ili uitoe na kuiosha. Wavu uliojaa wadudu waliokufa haupitishi hewa, na hunuka samaki.

Chokaa ya kupaka

Kwa kuta zote za chumba hiki kilo 20 za chokaa zinatosha mikono mitatu. Changanya na maji mpaka iwe kama maziwa, ichekeche kwa kitambaa, ikoroge kila dakika chache. Lowesha ukuta, paka nyembamba kwa brashi pana, acha siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza utaonekana kama haujafunika kitu. Chokaa hupata weupe inapokauka. Anayeongeza ili ifunike leo ataiona ikidondoka vipande wiki ijayo. Watu wengi hutia chumvi ishike. Kwenye ukuta huu usitie, chumvi huvuta maji. Ukitaka rangi, tia udongo mwekundu uliochekechwa au unga wa rangi wa saruji, usizidi kilo 2.

Swichi na soketi zilizomo kwenye mita moja ya chini zihamishwe juu na fundi umeme mwenye leseni kabla ya lipu mpya. Waya wenye ganda la mpira unaomeguka ukikunjwa ubadilishwe nyumba nzima, si sebuleni tu.

Kabati na sofa zikae sentimita 10 kutoka kwenye ukuta wa upande wa ziwa, na madirisha yafunguliwe kila siku mvua ya asubuhi ikishakatika. Kila mwisho wa masika zoa gata, piga brashi kavu unga uliotoka, na uongeze mkono mmoja wa chokaa pale palipofifia. Ni kazi ya nusu siku na ndoo moja.